Kipepeo Asiyekuwa Wangu

Juma lililopita nilipita mtaa wa Donholm, na kando ya ukuta wa nyumba moja nikaona mmea mmoja wa yale magugu yenye utomvu mweupe kama maziwa. Nikasimama. Wivu wa miaka mingi ukaamka ndani yangu.

Zamani, rafiki yangu, pale palikuwa na nyasi na magugu tu. Sisi watoto wa mtaa wa Mbotela tulikuja kutafuta mayai ya kipepeo, madogo kuliko punje ya wimbi, moja moja chini ya majani ya magugu hayo. Mwalimu wa sayansi alikuwa ametuambia tufuge viwavi mikebeni. Ambaye kiwavi wake angefikia kuwa kipepeo, mkebe wake ungekaa mezani siku ya wazazi.

Niliitaka meza ile kuliko kitu chochote. Kila asubuhi niliosha majani kwa sabuni ya kipande, nikapangusa mkebe, nikakagua milia ya kiwavi wangu: nyeusi, nyeupe, manjano. Siku ya tano akalegea, akafa. Binti wa jirani yetu mchonga vinyago hakuosha kitu. Alimtupia wake majani yenye vumbi, akaenda kuruka kamba. Kiwavi wake akanenepa, akaning'inia kichwa chini kwenye kijiti alichookota miguuni pa babake, akawa kifukofuko cha kijani chenye vitone vya dhahabu.

"Kwani ulimwosha? Ni sufuria?" akaniuliza kwenye bomba la maji, watu wote wakisikia. Wakacheka. Nami nikacheka, huku nikimchukia.

Siku ya wazazi niliwahi darasani, nikabandua karatasi ya jina lake mkebeni, nikabandika yangu. Nakiri. Aliiona, akaja kusimama kando ya meza.

Kisha, mbele ya mama yangu na wageni, kifukofuko kikapasuka. Kipepeo akatoka na mbawa zimekunjamana kama nguo iliyokamuliwa. Aibu iliyoje! Nikatoa leso nizinyooshe.

"Wachana naye!" Binti wa jirani alinishika mkono. "Atakauka mwenyewe. Ngoja tu, wewe."

Tukangoja. Mbawa zikajaa polepole, rangi ya chungwa, ncha nyeusi zenye madoa meupe. Mwalimu akasoma jina mkebeni, akamtazama yule binti, akanitazama mimi. Mama alitembea mbele yangu njia nzima hadi nyumbani.

Tangu hapo nimejisomea habari zote za vipepeo, ili nijue kuliko yule binti.

Nyasi zile sasa ni kuta na mageti. Niligeuza majani ya ule mmea, nikakuta yai moja, limezungukwa na vumbi. Vidole vikaniwasha kulipangusa. Nikafunga mikono mgongoni, nikaliacha kama ambavyo angeliacha yule binti, na hata hapo nikamwonea wivu: kwake kuliacha hivyo kusingekuwa kazi.