Eulalie M'Cirhuza na Mguu Uliovunjika wa Mashine ya Joto

Saa tatu asubuhi, mvua imekatika Nyawera, mjini Bukavu, na barabara bado inatiririka maji mekundu. Kibarazani mwa duka lililofungwa, Eulalie M'Cirhuza, fundi wa saa, amekaza kioo cha kukuzia kwenye jicho la kulia. Mbele yake, juu ya pamba iliyoloweshwa, kimelazwa kidude cha kijivu kisichozidi urefu wa kidole gumba, chenye miguu myembamba ya chuma kila upande. Mguu mmoja haupo.

"Musisimame mu mwangaza," anawaambia waliomzunguka. "Leo Mungu ametupatia jua kidogo, muniachie yote."

Kidude hicho ni chipu ya kompyuta. Ndani yake yamo maagizo yanayoiongoza mashine ya kuwapasha joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati, katika hospitali moja ya misheni upande wa Miti. Mashine ilitolewa zawadi na Wabelgiji ikiwa tayari kuukuu, na wodi haina nyingine. Vipuri vyake havitengenezwi tena. Hata vingetengenezwa, nani katika Zaire hii ya mwaka 1993 anangojea kifurushi kutoka Ulaya?

Wakati huohuo, wodini yupo mtoto wa kike mwenye uzito wa kilo moja na robo. Mama yake, Jeanine, amepasuliwa na ana homa kali, hawezi kumbeba. Wauguzi wanapokezana kumweka kifuani, ngozi kwa ngozi, na bado miguu ya mtoto inapoa.

Aliyeileta chipu ni Firmin, fundi umeme wa hospitali, mtu mwaminifu aliyekosa kwa nia njema. Mashine ilipoanza kuonyesha joto la uongo katika majira haya ya mvua, alifanya kama afanyavyo kila mtu Bukavu kwa betri ya redio iliyochoka: aliichomoa chipu kwa ncha ya kisu, akaianika juani juu ya bati. Wakati wa kuirudisha, mguu mmoja ulijipinda. Alipojaribu kuunyoosha, ukakatika.

"Mapile tunaanikaka, inapata nguvu," anajitetea. "Nilisema hii nayo iko sawa."

"Ungeanika na samaki za sambaza pembeni, Papa Firmin," anamjibu Eulalie bila kuinua kichwa. "Zingekauka pamoja."

Watu wanacheka. Firmin naye anacheka kidogo, kisha anatazama chini.

Eulalie ana umri wa miaka hamsini na miwili. Alizaliwa Luhwindja, binti wa mchimba dhahabu, na utotoni aliokota chembe za dhahabu kwenye mchanga mweusi kwa ncha ya unyoya. Baadaye masista walimfundisha kutengeneza rozari zilizokatika, na kutoka kwenye rozari akaingia kwenye saa. Wanajeshi walipopora mji alipoteza karibu vyombo vyote, isipokuwa vile alivyovifunga kiunoni ndani ya kitenge. Zamani alipokea saa kumi za kutengeneza kwa juma. Sasa akipata mbili anashukuru.

Umeme umekatika, lakini yeye hautegemei. Ametia kijiti cha shaba katika makaa ya mbabula, jiko dogo la udongo lililo miguuni pake. Kwa tupa ya saa anakwangua ubavu wa chipu, taratibu, mpaka kisiki cha mguu kinang'aa. Amekata mguu mwingine kutoka kwenye redio iliyokufa. Anaugusisha, anaweka tone la risasi ya kulehemu, anaondoa kijiti kabla joto halijaingia ndani. Pamba mbichi inatoa mvuke. Kisha, kwa kifutio cha shule, anasugua miguu yote iliyoingiwa na kutu.

"Ugonjwa wa kwanza ulikuwa huu," anasema. "Kutu. Kisu ndiyo ilileta ugonjwa wa pili."

Hospitalini, Firmin anairudisha chipu chini ya macho ya Eulalie. Jenereta inawashwa, na taa ya mashine inawaka. Séraphine, muuguzi mkuu, anakuja mbio na mtoto mikononi.

"Hapana," anasema Eulalie. "Tuweke kwanza chupa ya maji na kipimo cha joto. Tungojee mpaka kesho."

"Maman Eulalie, mutoto iko na baridi leo, hapana kesho."

"Mimi natengenezaka saa. Saa ikidanganya, mutu anachelewa misa. Hii ikidanganya, tutazika."

Wauguzi wamechoka, na Séraphine mwenyewe ameanza kukohoa. Ndipo Eulalie anaketi kitandani, anafungua blauzi yake na kunyoosha mikono.

"Basi unipatie yeye. Mashine ichunge chupa, mimi nitachunga mutoto."

Anakaa hivyo, mgongo ukutani, mtoto kifuani chini ya kitenge, huku Firmin akisoma kipimo na kukitangaza kwa sauti. Kinapotofautiana kidogo na namba za mashine, Eulalie anaagiza waendelee kungoja. Kesho yake adhuhuri namba zinalingana, na zinaendelea kulingana. Anamlaza mtoto ndani kwa mikono yake mwenyewe, kisha anaomba maji ya kunywa.

Mtoto sasa amepita kilo moja na nusu. Homa ya Jeanine imeshuka, na humwona bintiye kupitia kioo. Kila Jumamosi Eulalie hupanda gari la Miti, huomba mashine ifunguliwe wakati mtoto ametolewa kidogo, na huutazama mguu ule kwa kioo chake. Firmin humshikia taa. Naye Eulalie ameanza kumfundisha kushika tupa.

Alipoulizwa anatarajia nini, hakusifu kazi yake.

"Risasi inachokaka," alisema. "Naomba mashine ingine ikuje mbele ya hii kuchoka. Na kama haikuje, Firmin akuwe tayari amejua kuitengeneza."