Siku Niliyolalia Bega la Mama Mkwe

Jamani, chekeni taratibu, maana aibu hii bado mbichi, na nikipita sokoni hapa Kalemie wapo wanaoinamisha kichwa begani na kufumba macho wakiniona (nami nawasalimia kama kawaida, nifanyeje?).

Mjue kwanza kazi yangu: kwenye ukumbi mmoja wa video nashika maikrofoni na kuwatafsiria watu filamu kwa Kiswahili, hasa za vichekesho, na humo waliotiliwa dawa ya usingizi nimewaangusha wengi mno. Mtu anakunywa soda, macho yanazunguka, namhesabia moja, mbili, tatu, puu, uso ndani ya supu! Kisha anamwagiwa maji, anaruka, anaendelea na mambo yake. Basi kwa habari ya dawa hizo nilijiona nusu daktari.

Sasa ikafika siku ya kupeleka mahari kwa kina Clarisse, mchumba wangu. Kwao ni watu wa Kiambi na wanashika desturi: mkwe hamgusi mama wa mchumba wake, mama naye hamgusi mkwe, hata kiti kimoja hawakalii. Niliogopa kukosea nikamkosa Clarisse. Dada yangu alikuwa amepewa vidonge vya usingizi baada ya kupasuliwa, nikachukua kimoja kwa siri, nitulie tu. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Kimya. Nikahesabu tena (labda nilienda mbio), kimya, nikasema hiki kimeharibika, nikameza cha pili, nikavaa koti tukaenda, mimi, dada na baba mkubwa.

Na tulipofika nilikuwa mzima, tena nilijiona mwerevu kuliko siku zote. Ilikuwa alasiri, upepo wa ziwa ukiinua pazia na kulishusha, ukiinua na kulishusha, na sauti ya baba mkubwa, aliyekuwa akinisemea, ikawa inatoka mbali, tamu, kama redio ya jirani. Nikatoka kunawa uso. Niliporudi chumba kilikuwa kimejaa mwanga wa rangi ya mawese, kila mtu alikuwa mzuri, nikawapenda wote, na kwenye kochi la kina mama nikaona nafasi moja, laini, inaniita. Nikakaa. Palikuwa na kitenge kinachonukia sabuni na moshi wa kuni, nikajiona niko kwa bibi yangu, mtoto mdogo, sina deni la neno lolote kwa mtu. Ninachokumbuka kinaishia hapo.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Lile lilikuwa bega la mama mkwe. Mama wa watu akakauka, kwa sababu desturi ileile iliyonikataza kumgusa ilimkataza naye kunisukuma.

"Mumutoshe huyu muntu!" akapiga kelele nitolewe. "Miye siwezi kumugusa!"

Baba mkubwa akanivuta, nikarudi palepale. Wakanimwagia maji, nikalamba midomo nikaendelea kukoroma. Baba yake Clarisse akasimama.

"Huyu njo mulevi. Murudi na vitu vyenu."

Hapo dada yangu akakumbuka vidonge vyake, akaeleza huku analia. Yule mzee akamwita binti yake mbele ya watu, kama inavyotakiwa, aseme kama ananikubali.

"Clarisse, mutoto yangu, vitu vyao tukule ao turudishe?"

Clarisse akaniangalia: mdomo wazi, koti limelowa, nimemlalia mama yake.

"Mukule, papa."

"Hata vile analala hivi?"

"Hata vile analala hivi. Mukule."

Wanasema vigelegele vilifika barabarani, na mama mkwe naye alipiga, bila kusogeza bega.

Niliamka kesho yake mchana, kinywa kikavu, miguu kama ya kuazima. Kwenye filamu mtu akiamka siku yake bado anayo yote. Yangu ilikuwa na shimo katikati. Mbuzi wa kuomba radhi nimepeleka, mama mkwe amenisamehe (kwa mbali, kupitia dirishani), na vidonge vya mtu mwingine sivigusi tena, hata nitetemeke mpaka meno yatoke. Lakini inaniuma. Katika familia mbili nzima ni mimi peke yangu ambaye sikumsikia Clarisse akinikubali. Sasa tumeoana, na mara nyingine akiwa anachambua dagaa namwomba alirudie lile neno, mara moja tu.

"Nilishasema," ananijibu bila kuinua macho. "Weye ulikuwa wapi?"