Kumkimbiza Mzee Kando ya Mfereji

Msinicheke kabla sijamaliza, maana hata mama yangu kule Kalenga hajui kwa nini harusi yangu imesogezwa mbele, nasingizia mvua tu.

Mimi Mhehe, mchumba wangu Mnyakyusa wa hapa Mbeya, na shangazi yake alinionya mapema kwamba kwao mkamwana na baba mkwe hawaonani, wakikutana njiani kila mmoja anashika njia yake, mpaka ukoo ukae uwaondolee aibu. Ndiyo maana hata kwao sijawahi kupelekwa. Nikaguna. (Mimi na kidiploma changu, nikaguna.) Nikaona ni mila za watu wasio na kazi.

Jumamosi moja nikawaongoza wenzangu wa ofisini kutembea tukifuata mfereji wa zamani, ule ulioleta maji mjini kutoka mlimani kabla ya mabomba. Nilijifanya naujua wote, kumbe nimeusoma kwenye simu jana yake. Tulipofika Ilomba mfereji ukapita chini ya uzio wa mabanzi, wenzangu wakasema tuzunguke barabarani, nikawaambia watembeaji gani nyie, nikasogeza banzi moja nikaingia uani kwa watu bila hodi.

Palikuwa na mzee ananyoa ndevu, povu shavu zima. Akanitazama, akatupa kioo, akatimua mbio.

"Kamwene, baba!" nikamsalimia Kihehe, kwa madaha. "Simama, nauliza tu mfereji unaishia wapi!"

Aliposikia Kihehe ndiyo akaongeza mwendo. Nami, kichwa maji, nikamkimbiza huku nawapigia kelele wenzangu, "Oneni mzee mzima anaogopa mwanamke!" Akateleza, akatumbukia mferejini. Nikamshika mkono nimvute, yeye kafumba macho kama mtoto anayechomwa sindano, anauchomoa mkono, nami nakaza.

Mlangoni akatokea shangazi na sufuria. (Shangazi yule yule.)

"Wee binti! Umemshika baba mkwe wako?"

Kumbe mzee picha yangu alishaonyeshwa. Mimi yake sikuomba hata kuiona. Nilitamani mfereji unimeze, ila maji yenyewe yalikuwa ya magotini.

Sasa harusi inasubiri ukoo ukae, na ukoo hauna haraka, gauni langu limening'inia tu. Juzi shangazi kaniletea ujumbe.

"Mzee anasema mfereji unaishia hapo hapo kwake. Umeshajibiwa, usimkimbize tena."

Simkimbizi. Siku hizi nikiona mzee yeyote Mbeya hii ana povu usoni, anayetimua mbio ni mimi.