Ombi la Alhamisi

Watu wa Molo walimjua Mugure kwa mambo mawili: sauti yake ya kufundisha, iliyosikika kutoka darasa la nne hadi barabarani, na uwezo wake wa kunyamaza mtu mwingine anapolia. Hilo la pili ndilo lililompeleka chuoni. Miaka ishirini na miwili ya ualimu ilikuwa imemfunza kwamba mtoto anayesinzia darasani mara nyingi hajashindwa na hesabu, ameshindwa na nyumbani. Basi alipofika miaka arobaini na saba, wanawe wakiwa wameshajitegemea na mumewe Thuo akiwa amezoea kujipakulia chakula, alijiandikisha kusomea shahada ya uzamili katika ushauri nasaha, kila Jumamosi, Nakuru mjini.

Masomo yalifanyika orofa ya tatu, juu ya duka la mabati na misumari. Darasa la kwanza lilikuwa la walimu waliosomea uzamili wa elimu ili siku moja wawe wakuu wa shule. La pili lilikuwa la vijana wa uhasibu, waliofundishwa kuichambua mirundo ya tarakimu kwa kompyuta mpaka wizi ujitokeze wenyewe. Mwisho wa ukumbi, karibu na choo, ndipo walipokaa watu wa ushauri. Karishma, msichana wa darasa la uhasibu, binti wa muuza vitambaa, alipenda kumchokoza wakati wa chai.

"Mwalimu, ati mnasoma miaka mbili ndio mjue kusikiza watu? Mamangu anasikiza mtaa mzima na hana hata cheti."

"Na akishasikiza?"

"Anaambia mtaa ule mwingine."

Walicheka wote wawili, na Mugure akamwongezea sukari.

Msimamizi wake, Daktari Jasvinder, hakuwa mtu wa kucheka sana. Alikuwa mama wa Kisikh mwenye mvi zilizofungwa kisogoni, mzaliwa wa Nakuru, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kifupi na kikavu. Kabla ya kuwatuma wanafunzi kwenye mazoezi, aliwaambia neno moja tu na hakulieleza. "Kile utaambiwa ndani ya chumba si chako. Umewekewa."

Chumba cha Mugure kilikuwa kwenye dispensari ndogo nje kidogo ya Molo, ambako muuguzi alimpa stoo ya mizani na maboksi ya glavu kila Jumatano alasiri. Alihitaji saa mia moja za kukaa na watu ili apate kuhitimu. Wengi walikuja mara moja na hawakurudi. Zeddy alirudi.

Zeddy alikuwa na miaka ishirini na minne. Mumewe, Kipkorir, alifanya kazi kwenye shamba la maua Naivasha na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mtoto wao, Jepkoech, alikuwa na miezi minne na uzito haukupanda. Muuguzi aliona kwamba mama huyu alimbeba mtoto vizuri, alimnyonyesha kwa wakati, alimfunika, ila hakumtazama. Ndiyo maana akamwelekeza stoo.

"Wewe si wa kwetu," Zeddy alimwambia Mugure siku ya kwanza. "Hiyo ndiyo imefanya nikubali. Kwa watu wetu nikikohoa tu hapa, nikifika nyumbani mama ya Kipkorir ananiuliza kama nimekunywa dawa."

Mugure aliyapokea maneno hayo kama sifa. Baadaye, alipoyakumbuka, yalikuwa yakimchoma kuliko tusi.

Jumatano ya tano ndipo Zeddy alipolisema. Siku moja ya nyuma, asubuhi yenye ukungu, alikuwa akipalilia viazi, na mtoto alikuwa amelazwa mwisho wa mistari, amezungushiwa shali nyekundu. Mtoto akalia. Zeddy akanyoosha mgongo, akalaza jembe chini taratibu kama mtu anayeogopa kuamsha jirani, akatembea hadi barabara kuu. Lori la viazi lilikuwa limesimama, dereva akikaza turubai. Dereva akamwuliza, "Mathe, unaenda?" Zeddy akaweka mkono kwenye mlango.

"Mkono ulikaa hapo," alisema. "Sijui muda gani. Halafu nikarudi. Nilipata amelala. Umande umemjaa kwa uso. Tangu siku hiyo nikimwangalia naona huo umande."

"Lakini ulirudi."

"Nilirudi. Lakini niliweka mkono."

Mugure alifanya alichofundishwa, na alikifanya vizuri: aliliacha neno likae kati yao bila kulipangusa. Zeddy alipotoka, alimtazama mtoto mgongoni, juu ya bega, mara moja tu. Mugure aliona. Alirudi nyumbani akiwa na furaha ya ajabu na mzigo usiolingana na mabega yake.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi, siku ya ushirika wa wamama wa kanisa, na zamu ilikuwa ya nyumba ya Sue. Kwao ushirika una utaratibu wake. Kabla chai haijamiminwa, kila mama hutoa ombi: mume anayekunywa, mtoto anayengoja barua ya kazi, ng'ombe aliyekataa kushika mimba. Asiye na ombi huhesabiwa kuwa ana kiburi, au ana jambo kubwa analoficha. Kwa Alhamisi tatu mfululizo Mugure alikuwa amesema hana.

"Mwalimu," Sue akamwambia, "tangu uanze chuo umekuwa mtu wa hakuna. Kwani huko mmefundishwa Mungu hasaidii?"

Wamama wakacheka. Mugure naye akacheka, na katika kicheko hicho mlango wa kinywa chake ukafunguka.

"Tumwombee mama mmoja kijana," alisema. "Sitasema ni nani wala ni wapi. Siku moja alimwacha mtoto wake mchanga katikati ya viazi, akaenda mpaka barabarani, akashika mlango wa lori aondoke. Mungu akamrudisha. Tumwombee aweze kumpenda mtoto wake."

Aliamini ombi hilo. Hili alikuwa akijiambia baadaye, na lilikuwa kweli: aliamini kwamba maneno yakiinuliwa juu hayawezi kuanguka chini. Lakini kulikuwa na ukweli mwingine chini yake, mdogo, mchafu. Alitaka wamama wale wajue ni mambo mazito kiasi gani yanayomfikia yeye sasa. Aliona macho yao yakimgeukia kwa heshima, na hilo likampendeza. Waliomba kwa machozi. Hata Sue alilia.

Jina alikuwa ameliondoa, kama walivyofanya chuoni walipojadili visa vya watu. Ila chuoni visa vilikuwa vya watu wa mbali. Hapa kulikuwa na viazi vilivyopakana na barabara, mtoto mchanga, mama kijana, na mwalimu aliyeonekana kila Jumatano akiingia dispensari ileile. Chai ilipomiminwa, hakuna aliyetaja mtu. Hakukuwa na haja.

Wala hakukuwa na ubaya. Sue alinunua maziwa kwa Chepkirui, mama yake Kipkorir. Jumamosi asubuhi, akiwa anashikilia chupa yake ijazwe, alimwambia kwa huruma yote, "Mama, tunamwombea sana huyo bibi ya kijana yako. Shetani alimpeleka mpaka kwa lori, lakini Mungu ni nani?"

Chepkirui akamwomba arudie.

Jumatano iliyofuata Zeddy aliingia stoo bila mtoto. Alikaa, akakunja mikono, akaikunjua. Kifua cha nguo yake kilikuwa kimelowa maziwa, duara mbili, na hakujaribu kuzifunika.

"Amechukuliwa," alisema. "Mama ya Kipkorir alikuja Jumapili na wamama wawili. Akasema mtoto hawezi kaa na mtu wa kumtupa. Kipkorir kwa simu anasema nitulie, mama anajua. Wanampa maziwa ya ng'ombe."

Mugure aliinuka, akafunga mlango wa stoo.

"Ni yule dereva," Zeddy akaendelea. "Hakuna mwingine alijua. Nimekaa kwa barabara siku mbili nikingoja hiyo lori. Nikimpata nitamwuliza nilimkosea nini."

Hapo ndipo Mugure angesema. Nafasi ilikuwa imewekwa mbele yake kama kiti. Badala yake alisikia sauti yake, ile ya darasani, ikisema, "Pole sana, Zeddy. Hebu niambie unajisikiaje." Zeddy akamwambia, saa nzima, na Mugure akasikiliza kila neno kama mwizi anayesaidia kutafuta kilichopotea. Kisha akatoa fomu ya kuhesabia saa zake, wakaweka sahihi wote wawili.

Jumamosi hakuingia darasani. Alisimama mlangoni pa ofisi ya Daktari Jasvinder mpaka akaitwa, akaeleza yote bila kukaa.

"Ulitaja jina?"

"La."

"Basi ulitaja kila kitu ingine." Jasvinder alivua miwani. Hakupandisha sauti. "Nitaandikia kamati. Hizo saa zote zitafutwa. Pengine utarudia mwaka, pengine watakutoa kabisa, sijui. Hiyo ni ya mimi na wewe. Yeye umemwambia?"

"Bado, daktari."

"Unangoja nini?"

"Jumatano. Ndiyo siku yetu."

"Na mtoto atanyonya Jumatano?"

Mugure alirudi Molo mchana huohuo. Alimkuta Zeddy nyuma ya nyumba, ameinama, akikamua titi lake kwenye kikombe cha bati ili maziwa yasikauke. Alikuwa akiyapeleka ng'ambo ya kilima kila jioni, na kikombe hurudishwa kikiwa kimejaa. Mugure hakungoja akaribishwe.

"Sio dereva," alisema. "Ni mimi. Nilikutolea ombi kwa ushirika. Sikusema jina, lakini walijua."

Zeddy aliendelea kukamua kidogo, kama mkono ulikuwa bado haujasikia. Kisha akafunga nguo.

"Na juzi nilipokuja, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Ukaniuliza najisikiaje."

"Nilikuuliza."

"Yule dereva nimemlaani," Zeddy alisema. "Nimelaani mpaka watoto wake." Alitazama kikombe. "Nyinyi mliomba na macho imefungwa?"

"Ndiyo."

"Na mkafungua mkiwa mmeshajua." Akasimama. "Twende."

"Wapi?"

"Kwa mama. Utasema ni wewe ulitoa hiyo maneno, ndio ajue sikutangaza mambo ya nyumba yake kwa barabara. Hiyo tu. Zingine zote wewe nyamaza. Umeongea ya kutosha."

Walipanda kilima wakiwa mmoja nyuma ya mwingine. Chepkirui alikuwa jikoni, mwanamke mrefu mwenye mgongo ulionyooka, Jepkoech akiwa amefungwa mgongoni. Mugure alisema alichoamriwa kusema. Chepkirui alimsikiliza akiwa anasukuma kuni ndani ya moto, kisha akamgeukia.

"Sawa. Sasa niambie, mwalimu. Wewe ndio umesomea mambo ya kichwa. Huyu ni mzima ama si mzima?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Angesema ni mzima. Angesema hali hii huwapata wamama wengi, ina jina, inatibika. Angelisema kwa sauti ya chuo, na mtoto pengine angerudi jioni hiyo. Na lingekuwa neno lingine la Zeddy limetoka kupitia kinywa kisicho chake. Alimtazama Zeddy. Zeddy hakumtazama.

"Mama, hilo si langu kusema," alijibu. "Hata lile nililosema halikuwa langu."

"Hee," alisema Chepkirui. "Leo ndio umejua."

Kisha Zeddy akaanza. Alizungumza kwa lugha yao, akiwa amesimama, macho yakiwa kwenye jivu. Mugure alishika maneno machache tu, viazi, lori, na jina la mtoto. Ilichukua muda mfupi kuliko ilivyochukua kule stoo. Alipomaliza, moto ulipasuka kidogo, na mtoto akajinyonganyonga mgongoni.

Chepkirui aliuliza swali moja, na akaliuliza kwa Kiswahili, labda ili mwalimu naye asikie jinsi jambo linavyoulizwa.

"Huo mkono, uliutoa mwenyewe, ama gari iliondoka?"

"Niliutoa mwenyewe."

"Gari ilikuwa bado?"

"Ilikuwa bado."

Chepkirui alifungua shali. Alimshusha mtoto, akampangusa pua kwa kidole, akamweka mikononi mwa Zeddy.

"Atanyonya hapa," alisema. "Na wewe utalala hapa mpaka viazi vitoke. Mimi nilikuwa na wangu sita, na hakuna mtu aliniuliza kama nataka kuondoka." Akarudi kwenye kuni.

Zeddy aliketi kwenye kigoda, akafungua nguo. Mtoto alikataa, akalia, akakataa tena, kisha akashika. Zeddy aliutazama ukuta mweusi wa moshi mbele yake. Machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika.

Mugure alisimama mlangoni. Hakuna aliyemwambia aketi, wala aliyemwambia aende, na sufuria ya chai iliyokuwa kando ya moto haikusogezwa. Neno la msamaha lilimjaa kifuani. Alilitaka kama mtu anavyotaka maji. Lakini akaona kwamba akiliomba sasa, Zeddy atalazimika kuinua macho, aache mtoto, amtunze mwalimu. Angekuwa amemwekea mzigo mwingine huku mikono yake ikiwa imejaa.

Akatoka bila kuliomba. Aliteremka kilima akipita kati ya mistari ya viazi ya watu wengine, ukungu ukipanda kutoka bondeni. Nyuma yake alisikia Chepkirui akisema jambo, na Zeddy akijibu, kisha Chepkirui tena, taratibu, kwa lugha ambayo Mugure, miaka ishirini na miwili akifundisha watoto wao, hakuwahi kujisumbua kujifunza.