Ubishi wa bendi ya rock ulivyonifanya nimwage siri ya rafiki yangu wa Ipagala

Wakuu, salaam kutoka makao makuu, huku upepo na vumbi ni vya kutosha.

Mimi humu ni mtu wa kusoma na kupita. Leo nimeshindwa kupita.

Tangu asubuhi nakaa, nasimama, nimefagia uwanja ambao ulishafagiliwa, mpaka wife kaniuliza mara mbili kama naumwa. Nikaona bora niyatoe huku. Ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe, chumvi iliyomo ni ile ya kwenye mlenda tu.

Msinipopoe kabla sijamaliza.

Iko hivi.

Nina miaka arobaini na tano, nimezaliwa na kukulia Chang'ombe hii ya Dodoma. Wenzangu walikua na dansi, kwaya, baadaye bongo fleva. Mimi nilikua na rock. Yale magitaa ya kukwaruza na ngoma za kubomoa ukuta. Mama mkubwa alifikia kunipeleka kwenye maombi.

Aliyeniambukiza ni kaka yangu, marehemu Joshua. Alikuwa na kanda moja ya bendi kongwe ya wazungu. Jina silitaji makusudi, maana nawajua, nikilitaja uzi unageuka uwanja wa vita na mimi vita nimepigana ya kutosha.

Jueni hivi tu. Bendi ina zaidi ya miaka arobaini jukwaani na imekuwa na waimbaji wawili. Wa kwanza ana sauti nzito ya kifuani, alikorofishana na wenzake akasepa. Wa pili ana sauti nyembamba ya kupanda juu. Mashabiki tumegawanyika hapo hapo. Ukikutana na mwenzio, kabla hata ya kuuliza anaishi wapi, unamuuliza yeye ni wa enzi gani.

Joshua alikuwa wa enzi ya kwanza, damu damu. Mwisho wa upande B wa ile kanda kulikuwa na wimbo ambao jina hatukulijua, maana juu ya kanda paliandikwa tu ROCK 4 kwa kalamu. Sisi tuliuita Wa Treni, kwa sababu ngoma zake zinaanza taratibu halafu zinachanganya mwendo. Joshua alikuwa ananiambia, sikiliza dogo, huyu ndiye mwimbaji, yule aliyekuja baada yake ni mpiga kelele.

Alifariki nikiwa form two. Kanda nikarithi mimi. Kwangu Wa Treni si wimbo, ni kaka yangu yuko chumbani bado.

Sasa njoo kwa Lameck.

Lameck ni Mgogo wa Ihumwa, tulikutana sekondari. Ndiye mtu pekee shule nzima aliyejua ninachosikiliza. Ila yeye enzi ya pili. Tumebishana tangu tukiwa na kaptula, na hatukuwahi kununiana hata siku moja.

Leo ni fundi wa mitambo ya muziki, anakaa Ipagala. Kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa anakaa kwenye mixer Jumapili katika kanisa moja kubwa hapa mjini. Na Jumapili hizo hizo, akitoka ibadani, wapenzi wa rock tulikuwa tunakutana uani kwake, watu sita saba. Sheria ni moja. Kila mtu analeta wimbo mmoja, unapigwa mpaka mwisho bila mtu kufungua mdomo. Ukiisha ndio mnatukanana.

Mwaka jana Lameck alinivuta pembeni akaniambia sikio lake la kushoto limekufa. Miaka yote ya kusimama karibu na maspika imelimaliza. Anafanya kazi kwa la kulia, anageuza kichwa kidogo, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Akasema, nimekuambia wewe tu.

Mimi tu. Shikeni hapo.

Miezi miwili iliyopita, kwenye group letu la WhatsApp, jamaa mmoja akaanzisha kura: wimbo bora wa bendi na enzi bora. Mimi nikaweka Wa Treni, nikatupia na kipande cha sekunde chache chenye mikwaruzo, nilichorekodi kwa simu kutoka kwenye redio kaseti ya nyumbani, ile ile ya Joshua. Nikaandika kwamba wa pili hata afanyeje hawezi kuimba hivi.

Enzi ya pili ikawa inaongoza. Nikachemka. Wakuu, nilikuwa kazini, nimeacha mafaili ya watu mezani, nagombana kuhusu wazungu wasiojua kama Dodoma ipo.

Kitu cha ajabu, siku hiyo Lameck alibishana nyimbo zote, ila kuhusu Wa Treni hakusema neno. Mimi nikaona ameishiwa hoja. Nikataka kummaliza. Nikaandika, nanukuu ujinga wangu kama ulivyo: "Lameck, mtu mwenye sikio lililokufa atanifundisha nini kuhusu sauti?"



Nikafuta, lakini wapi. Katibu wa kwaya wa kanisa analofanyia kazi Lameck yumo humo humo, yeye rock anaisikiliza kwa kujificha. Alishasoma.

Lameck aliandika "Sawa" akatoka kwenye group. Haikupita wiki mbili, kamati ya kanisa ikamwambia apumzike kwanza, wakaleta fundi mwingine. Jumapili za uani kwake zikafa.

Mngedhani nilikimbia kuomba msamaha. Thubutu! Nilijiambia mwanaume mzima ananuna kwa maneno ya WhatsApp. Nikaona dawa ni kuthibitisha kwamba kwenye hoja yenyewe nilikuwa sahihi. Nikajiwekea kichwani kwamba nikijua Wa Treni umetoka albamu gani, nitabandika ushahidi pale group na kila mtu atatulia.

Jumamosi iliyopita nikachukua kanda nikaenda mjini kwa Mzee Ramji. Zamani dukani kwake ndipo tulipokuwa tunarekodiwa kanda, siku hizi anauza chaja na kava za simu. ROCK 4 ilitoka mkononi mwake.

Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza. Alifurahi kweli. Akatoa mashine yake ya zamani kwenye kabati, bado nzima, akatumbukiza kanda upande B.



Ngoma zilikuwa zile zile. Sauti haikuwa ile. Ilikuwa nyembamba, ya kupanda. Nikamwambia mzee mashine yako inakimbia. Akacheka, akasema mashine yake haina tatizo, redio ya kwetu ndiyo inavuta polepole, ndiyo maana kila mtu humo anatoka na sauti ya dubu.

Alikuwa wa pili. Miaka yote hiyo ni wa pili.

Mtauliza nilishindwaje kujua wakati mtandaoni kila kitu kipo. Jibu linanitia aibu. Albamu za wa pili sikuwahi kuzisikiliza. Kwa msimamo.

Mzee Ramji akaeleza vizuri. Albamu ya wa kwanza ilikuwa fupi kuliko kanda, na wateja walikuwa wanarudi na malalamiko kwamba mwisho ni patupu. "Mteja kalipia kanda nzima, mimi nampaje kimya? Nilikuwa najazia wimbo wowote ulio mezani siku hiyo."

Halafu akaniangalia, akasema kitu ambacho ndicho kinanifanya nifagie uwanja leo.

"Lakini rafiki yako yule fundi alishakuja kuniuliza habari hii. Zamani, mimi sina hata mvi. Akaniomba ukija nisikuambie, eti ni kanda ya kaka yako. Mimi nimezeeka bwana, nimesahau."

Nilitoka pale bila kuaga vizuri.

Lameck alijua. Tangu ujana wetu alijua. Kila tulipobishana alikuwa na neno moja la kunimaliza, na kila mara alilimeza ili Joshua abaki na wimbo wake. Mimi siri yake niliitunza mwaka mmoja, nikaitupa mbele ya watu kwa sababu nilikuwa nashindwa kura.

Nilijichukia, na bado najichukia.

Jana mchana nikaenda Ipagala. Nilimkuta uani amefungua amplifaya, anachomea nyaya kwa risasi. Nikavuta kigoda nikakaa nyuma yake kidogo, nikaanza kusema yote. Mzee Ramji, kanda, katibu wa kwaya, samahani, samahani tena. Nimeongea mpaka koo limekauka, na yeye wala hakugeuka.

Nikajua ndiyo basi tena.

Nilipotaka kuinuka ndipo akaniona. Akaweka chini ile pasi ya kuchomea, akasema taratibu tu, "Hamia upande huu. Huo ulikokaa sisikii."

Nikahamia. Ikabidi nianze upya toka mwanzo, na mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, maana alikuwa ananisikia.

Hakusema amenisamehe. Alisema Joshua angecheka sana. Kisha akasema kanisani nisiende kudanganya kwamba sikio ni zima.

Kamati inakaa kesho jioni, nimeomba dakika tano na wamenikubalia. Nitawaambia ukweli, kwamba sikio moja limekufa. Nitawaambia pia kwamba hilo lililobaki lilisikia tangu mwanzo kitu ambacho mawili yangu hayakusikia kwa miaka thelathini, na kwamba wamweke kwenye mixer wampime wenyewe. Wakikataa sijui nitamtazamaje.

Nilichojifunza ni kidogo na kimenigharimu. Wakati wewe unatafuta neno la kummaliza mwenzio, angalia kama yeye hana lake ambalo ameamua kukaa nalo.

Wazee wa kamati za kanisa mliomo humu, nielekezeni nianzeje kesho. Na kama kuna aliyewahi kumwaga siri ya mtu akafanikiwa kurekebisha, aseme alifanyaje.

Enzi ipi bora msiniulize. Tangu jana nasikiliza albamu za wa pili, nipo ya tatu, na jamaa anaimba.