Nilitaja Jina la Kinyua Ofisini

Admin, ficha jina langu tafadhali, watu wa kazini wako hapa.

Mimi, niiteni tu Mama Wanja, ni mama wa watoto wawili, miaka 36, naishi mtaa wa Majimbo hapa Embu. Mwaka wa saba huu nafanya kazi kwa kiwanda cha makadamia. Nasimama kwa mkanda unaopitisha kokwa kutwa nzima nikitoa kokwa mbaya, na kuongea hakuruhusiwi. Kwetu Meru tuna miti ya makadamia aliyopanda baba, lakini nikipatikana na kokwa moja mfukoni getini, mimi ni mwizi. Siku moja binti yangu aliniuliza hizo kokwa huliwa na nani. Nikamwambia alete maharagwe tuchambue. Hata nikichambua maharagwe nyumbani, mikono inakimbia yenyewe kama ya mtu mwingine.

Mwaka huu akaja kijana nitakayemwita Kinyua. Alimaliza chuo kikuu akakosa kazi. Wakati wa chakula alikuwa ananiambia, "Mama Wanja, mashine ikiharibika fundi anaitwa saa hiyo hiyo. Wewe ukiharibika, wanaita mwingine pale getini. Wanachonunua hapa ni maisha yako, kidogo kidogo." Akaanza kuongea na watu tujiunge na chama cha wafanyakazi.

Meneja akaniita ofisini, akanipa chai. "Wewe ni mtu mzima, Mama Wanja. Nafasi ya usupavaiza iko wazi. Niambie tu nani anachochea watu wangu."

Nikamtaja Kinyua.

Wiki hiyo hiyo akahamishiwa mashine ya kubangua maganda, ile ilitolewa kifuniko cha chuma kitambo ndio mtu aijaze haraka. Siku ya tatu, kama saa nne asubuhi, nilisikia ile mashine imebadilisha sauti. Alipoteza vidole vinne vya mkono wa kulia. Walisimamisha kazi kidogo, wakaosha sakafu, tukaambiwa turudi kwa mkanda. Nami nikarudi, nikaendelea kuchambua.

Nilienda kumwona hospitali. Alinishika na mkono wa kushoto akasema, "Asante, mama. Kwa wote wa kazini, ni wewe tu umekuja." Nilishindwa kumwangalia.

Sasa mimi ni supavaiza. Jana meneja alinipa karatasi nitie sahihi, inasema Kinyua alitoa kifuniko mwenyewe. Alikuwa mpole sana. "Enda nayo nyumbani, usome polepole. Jumatatu utanichagulia mtu wa ile mashine. Ukishindwa kuchagua, basi utasimama hapo wewe."

Nilikuwa kiwandani leo asubuhi. Mashine bado haina kifuniko, na wasichana wawili wapya tayari wameandikishwa kazi. Mamake Kinyua amenipigia simu mara mbili akitaka niwe shahidi wa mtoto wake, kwa sababu anasema mimi ndiye rafiki yake. Nimemwambia nitampigia.

Ndugu zangu, mnaosoma hii, nikimpigia nianze kumwambia nini?