Kitambi cha Mayala

Mayala alizaliwa mwaka wa njaa, wakampa jina la njaa, na kwa muda mrefu mwili wake ulilitii jina hilo. Alipokuwa na miaka ishirini na kidogo alikuwa kijana mwembamba, mapaja magumu kama mpini, mchuuzi wa samaki wakavu. Alifunga tenga nyuma ya baiskeli pale Kirumba, akakanyaga mpaka Magu, akauza, akarudi na mchele. Tumbo likidai, alikula muhogo wa kuchoma njiani akaendelea. Afya ile hakuihesabu kuwa mali. Aliiona ni umaskini mtupu, na alitafuta mlango wa kuutoka.

Mlango ulifunguka wenyewe. Biashara ilipoachiwa huru, viwanda vya minofu vilichipuka, na sangara, ambaye watu walikuwa wakimnung'unikia kwa mafuta yake mengi, akawa anagombewa. Viwanda havikutaka kuhangaika na mvuvi mmoja mmoja. Vilitaka mtu wa katikati, mwenye mdomo, anayejua kupatana. Mdomo Mayala alikuwa nao. Akawa wakala: anawapelekea wenye mitumbwi barafu, wao wanampa samaki wao wote wa msimu, naye anawafikisha kiwandani Nyakato. Alipopata pikapu aliiuza baiskeli, na tangu hapo hata sigara za duka la jirani alizifuata kwa gari.

Pale Mwaloni, soko la samaki la ufukweni, miaka ile, mwenye mtumbwi hakuchagua wakala kwa bei peke yake, maana bei zilikaribiana. Alichagua kwa macho. Karibu kila ukoo ulikuwa umezika mtu aliyeanza kwa kukonda, na hakuna mvuvi aliyetaka kufungamana na wakala atakayelala kitandani katikati ya msimu, samaki waoze. Mwembamba alipita akitazamwa kwa pembe ya jicho. Mwenye kitambi aliitwa, "Bosi, karibu huku!"

Mayala aliligundua hilo mapema kuliko wenzake, akaligeuza biashara. Alianza kukifuga kitambi. Asubuhi supu ya makongoro na chapati, mchana mlima wa ugali na sato wa kukaanga, jioni nyama choma na bia, akiwa amekaa. Siku nzima alikuwa amekaa: kwenye gari, kwenye kreti, baa. Mwili uliozoea kuendesha baiskeli mpaka Magu sasa ulitembea kutoka kwenye pikapu hadi kwenye kiti.

"Hili tumbo ni kibao cha duka," aliwaambia mawakala wenzake akilipigapiga. "Mteja akikiona kwa mbali anajua humu ndani mna mali."

Nao walicheka, wakaagiza nyama nyingine. Okwach, mwenye mitumbwi mikubwa kutoka upande wa Mara, mtu wa rika lake aliyekuwa bado anavuta nyavu kwa mikono yake, alimpa samaki msimu baada ya msimu. "Wewe hufi leo wala kesho," alimwambia. "Ukifa, jeneza tutakuchongea kwa mbao za mtumbwi."

Arobaini hajafika, Mayala akaanza kushikwa na kiu isiyokatika. Aliituliza kwa soda. Kila akinywa, kiu iliongezeka na chooni hakukauki. Alisema joto ndilo lenye makosa. Halafu siku moja, akiwa majini, mwiba wa sangara ukamchoma mguuni, na kidonda kikakataa kufunga. Kilipoanza kunuka, mkewe Modesta hakuuliza tena. Alikwenda naye hospitali, yeye mbele, mume nyuma akichechemea.

Daktari Venant alipima damu, akapima mkojo, akapima na presha, kisha akaketi.

"Una kisukari, mzee. Na presha iko juu. Huu ugonjwa haukuingia mwaka huu. Ujanani ulikuwa unafanya kazi gani?"

Mayala akanyooka kidogo. "Baiskeli, daktari. Kirumba mpaka Magu, na mzigo."

"Uliacha lini?"

"Nilipopata gari."

"Ulipoacha kukanyaga, chakula ulipunguza?"

Mayala akamtazama Modesta. Modesta akatazama dirisha.

"Hukupunguza," daktari akajijibu. "Uliongeza. Kijana wa miaka ishirini na kitu anakula atakavyo, anakaa atakavyo, haumwi popote, anadhani ni bure. Kumbe mwili unaharibika kimyakimya. Ukizidi kunenepa, huo mguu tutaukata."

Hapo Mayala akarudi kwenye kazi anayoijua. "Sasa daktari, tuelewane. Nikiacha bia, nyama si nitabaki nayo?"

"Hapa hatupatani bei, mzee."

Mayala hakuwa mjinga. Mguu ni mguu. Alimeza dawa, akaacha bia na soda, ugali ukawa wa ngumi moja na mboga nyingi, na kila alfajiri alitembea. Alitembea kwenye vichochoro vya nyuma, kofia usoni, maana mwenye pikapu anayetembea kwa miguu ataulizwa gari limeuzwa kwa nani. Kidonda kikafunga. Kiu ikakatika. Kitambi kikashuka, kwanza polepole, kisha kama gunia lililotobolewa.

Mwaloni wakaona. Kwanza salamu zikafupika. Kisha wenye mitumbwi wawili wakahamia kwa wakala mwingine bila kugombana naye, na kutogombana huko ndiko kulikomtisha. Jirani mmoja alimletea Modesta kuku, akamshika mkono kwa muda mrefu, akasema "pole, dada," bila kutaja pole ya nini. Kule wanakokunywa kahawa walisema Mayala amekanyaga waya, yaani ana UKIMWI, na hapo kesi ilikuwa imekwisha.

Angeweza kusema ni sukari. Lakini kila aliyekonda alikuwa na jina lake: kifua, malaria sugu, kurogwa. Sukari ingekuwa jina jingine tu. Na palikuwa na kitu kingine alichokiona kigumu zaidi kukisema: kwamba ugonjwa huu alijilisha mwenyewe, sahani kwa sahani, mbele ya watu haohao, akijisifu.

Msimu mpya ukakaribia. Kwa desturi ya pale, siku mtumbwi unapokuja kuanza msimu, wakala hatumi mtu. Anaingia majini mwenyewe, anashika ubavu wa mtumbwi, na mwenye mtumbwi anamwangalia kabla ya kumwambia neno. Wengine nao walikuwa wamehama, na Mayala alikuwa amebakiza mitumbwi ya Okwach tu. Akiikosa hiyo, kiwanda hakina haja naye.

Asubuhi ile Modesta alimkuta chumbani, amejizungushia kitenge chake kiunoni, mara mbili, mara tatu.

"Baba Rozina, unafanya nini?"

"Nifungie nyuma, nimechelewa."

"Unataka kuonekana una mimba?"

"Nataka kuonekana mzima."

"Mguu umepona, sukari imeshuka. Uzima gani tena unautaka?"

"Wewe funga tu, Mama Rozina."

Alifunga. Juu yake Mayala akavaa shati lake la zamani, lile pana, likakaa vizuri. Alijitazama kwenye kioo na moyo ukatulia. Mzigo wowote, ukifungashwa vizuri, unauzika.

Mwaloni walikuwa wamejaa. Okwach alisimama kwenye mtumbwi wa mbele, akamwona kwa mbali, akacheka kwa furaha ya kweli. "Bosi! Kumbe upo! Watu waongo sana hawa!"

Mayala akaingia majini. Maji yalifika magotini, mapajani, kiunoni. Kitenge kikalewa maji, kikawa kizito, fundo likalegea. Alilisikia likiteleza. Akakaza mkono tumboni, lakini mkono mwingine ulikuwa tayari umeshika mtumbwi, na wimbi likafanya lililobaki. Kitenge kikatoka chini ya shati, kikajikunjua juu ya maji, chote, na maua yake mekundu, kikaelea kati yake na Okwach.

"Bosi," Okwach akasema, "umejifungua?"

Mwalo mzima ukaangua kicheko. Wanawake wa dagaa walipiga vigelegele, mtu akauliza ni wa kiume au wa kike. Kisha wakaliona shati, lilivyogandamana na mbavu, na kicheko kikakatika. Kimya kile kilimchoma Mayala kuliko kicheko.

"Ni sukari, Okwach," alisema. "Nina kisukari. Daktari ndiye kanikondesha. Niko mzima kuliko mwaka jana."

"Kaka yangu naye alisema ni kifua tu, tukamzika."

"Nitakuonyesha dawa."

"Dawa nitaifanyia nini mimi?" Okwach hakupandisha sauti. "Ndugu yangu, ungekuja umekonda, ukanitazama usoni, ningekuuliza ukanijibu. Huenda tungeelewana. Umekuja umevaa kitenge cha mkeo. Anayenidanganya tumbo atanidanganya mzani."

Mayala akauachia mtumbwi. Angekuwa yeye kwenye mtumbwi, angesema hivyohivyo. Alikiokota kitenge, akakikamua, akatoka majini nacho mkononi kwa kuwa hapakuwa na pa kukificha. Nyuma yake alimsikia wakala mwingine akiingia, na Okwach akimwambia, "Bosi, karibu huku."

Kiwanda kikampa kazi yake mtu mwingine wiki hiyohiyo.

Hakuacha samaki, maana hakujua kitu kingine. Alirudi Mwaloni na beseni, upande wa wachuuzi wadogo wanaosubiri samaki ambao kiwanda kimewakataa. Siku ya kwanza alikwenda moja kwa moja mpaka mezani, kama alivyozoea, akaanza kuchagua.

"Kaka," akaita Agutu, muuza samaki wa kukaanga, bila ugomvi wowote. "Foleni inaanzia kule."

"Samahani, dada."

Alikwenda kule, akasimama mwisho. Aliyekuwa mbele yake akageuka, akamtazama tumboni, akasogeza beseni lake mbele kidogo, mbali na la Mayala.